Kuzaa kwa Kisu: Nani Analipa?



Hapa Ruziba tunaulizana mara kwa mara kwa nini kliniki za watu binafsi husemwa kuwa nyepesi kupasua kina mama kuliko hospitali za serikali. Tuanze na historia yetu ya karibuni.

Mwaka 2002, vita vikiwa bado havijaisha, serikali ya Burundi iliwatwisha wagonjwa gharama za matibabu yao. Mama aliyekwama katika uchungu alipasuliwa, akaokoka yeye na mtoto, kisha akaletewa hesabu ambayo mumewe hakuiweza. Basi akazuiliwa. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa wiki, hata miezi, kwa sababu ya deni. Hospitali ya Prince Régent Charles ilitajwa, na ile ya Kamenge pia, ambayo (tusisahau) inaitwa kwa jina la Mfalme Khalid wa Saudia. Miongoni mwao walikuwemo kina mama waliopasuliwa, wamebeba vichanga.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa kuzaa, hata kwa upasuaji, kutakuwa bure katika hospitali za serikali. Wodi zikafurika. Mwaka huo huo Médecins Sans Frontières walifungua kituo cha dharura za uzazi Kabezi, kwenye barabara yetu hii ya Rumonge. Gari lao lilifuata mama aliyeshindikana katika vituo vya milimani. Kituo kinachopokea walioshindikana lazima kipasue wengi, kwa hiyo asilimia peke yake haitoshi kuhukumu.

Kliniki binafsi huishi kwa ada. Upasuaji hulipiwa zaidi, tena hupangiwa saa. Huko Brazil, katika hospitali za binafsi, zaidi ya wanawake 80 katika 100 wamekuwa wakizaa kwa kisu, ilhali mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna haja ya kuzidi 15. Afrika kusini mwa Sahara, shirika hilo lilihesabu mwaka 2021 kama 5 tu.

Familia zetu hupenda watoto wengi, na kila kisu huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi. Kovu hilo laweza kuchanika katika uchungu unaofuata, au kondo la nyuma likajishika juu yake. Mume anayetia sahihi ana haki ya kuuliza, pamoja na mkewe: daktari, sababu ni ipi?