Kinanda Ndani ya Kompyuta

Mwalimu wa kwaya wa Kinkondja, karibu na ziwa Kisale, akitamani kinanda cha kanisa, hukuta shida mbili: bei yake na njia ya kukifikisha. Lakini siku hizi kompyuta ya nyumbani, hata iliyotumika miaka mingi, yaweza kutoa sauti ya kinanda na ya filimbi. Jambo hilo lilianzaje?

Wazee Waluba walijua tangu zamani kusemesha chombo kisicho na mdomo. Kyondo ni ngoma ya mti uliochongwa ndani, isiyo na ngozi. Kwa kuwa Kiluba kina sauti za juu na za chini, mpigaji huiga kupanda na kushuka kwa maneno, na aliye mbali hufahamu habari. Shikeni neno hilo, kuiga, maana ndilo shina la habari yetu.

Mwaka 1957, huko Marekani, mhandisi Max Mathews wa maabara ya Bell aliandika programu ya kutengeneza muziki. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Yeye aliuiga mtikisiko huo kwa tarakimu. Kompyuta ya IBM 704, iliyojaza chumba kizima, ilipiga hesabu mjini New York. Utepe wenye tarakimu ukapelekwa New Jersey, na huko zikageuzwa kuwa sauti. Wimbo ule wa kwanza ulidumu sekunde 17 tu! Ni nani aliyeweza kununua mashini kama ile kwa ajili ya nyumba yake?

Mwaka uliofuata, 1958, habari nyingine ilitoka Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amefika huko mwaka 1953, akaanzisha kwaya ya watoto wapata 45 pamoja na walimu 15. Wakaimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, nyimbo za namna ya Kikongo. Kinanda hakikuhitajika, zilitosha koo za watu na ngoma. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilizaliwa katika mazoezi, pasipo kuandikwa, na Sanctus yao ilitokana na wimbo wa kuagana. Mwaka huohuo waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na santuri yao ikasikika katika nchi nyingi.

Linganisheni sasa. Upande mmoja mashini ya gharama kubwa na sekunde 17. Upande wa pili ngoma na watoto wa shule, na ulimwengu ukawasikiliza.

Baadaye bei ya mashini ilishuka. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya lugha moja, iitwayo MIDI, ili kinanda cha kampuni moja kipate kuongea na chombo cha kampuni nyingine, hata na kompyuta. Mwaka 2002 Paul Nasca wa Romania alianza kutoa programu yake, ZynAddSubFX, bila malipo, na kila mtu ana ruhusa ya kuinakili. Programu ya namna hiyo hupita mkono kwa mkono, hata pasipo intaneti. Asiye na kibao cha kinanda hubonyeza herufi za kompyuta, na kila herufi huwa noti.

Lakini iko taabu moja. Kompyuta dhaifu huchelewa: unabonyeza sasa, sauti yaja baadaye kidogo, na waimbaji wanapotea. Hii ni kwa sababu hesabu hukusanywa kwanza katika akiba kabla ya kusikika. Akiba ikipunguzwa, sauti huwahi. Ikipunguzwa mno, sauti hukwaruza. Basi funga programu nyingine zote, chagua sauti nyepesi, usibonyeze noti nyingi pamoja, kisha punguza akiba polepole mpaka upate kipimo kinachofaa. Na spika iwe na nguvu ya kutosha, maana ile iliyo ndani ya kompyuta haishindi sauti za kwaya.

Ndugu mwalimu, usidharau mashini hiyo, wala usiingoje. Kyondo haisemi neno asilolijua mpigaji wake; kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Wafundishe waimbaji kwanza kwa koo na ngoma, kama walivyofanya wale wa Kamina. Ndipo, umeme ukikatika katikati ya Gloria, wataimba mpaka Amina pasipo kugeuza shingo.