Meza ya Duara ya Chicago, 1931–1955: Mazungumzo Pasipo Karatasi

Desturi ya zamani ya mhadhara wa redio ilikuwa kwamba msemaji huyaandika maneno yake yote, yakapitiwa na wakubwa wa stesheni, kisha akayasoma mbele ya kipaza sauti kama mtu asomaye barua. Makala haya yaeleza habari za mazungumzo yaliyoiacha desturi hiyo kwa muda wa miaka ishirini na minne, yaani yale ya Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, yaliyojulikana kwa jina la University of Chicago Round Table, nami nitayaita Meza ya Duara. Nimeyachagua kwa sababu moja. Chuo hicho kilichojitolea kusema hadharani kila Jumapili ndicho kilichotunza, wakati wa vita, mojawapo ya siri kubwa za karne ya ishirini. Siku siri hiyo ilipofika mezani ndipo ilipodhihirika maana ya kusema pasipo karatasi.

Mazungumzo ya kwanza yalitangazwa tarehe 1 Februari 1931 na stesheni ya WMAQ mjini Chicago. Maprofesa watatu walijadili ripoti ya Tume ya Wickersham juu ya sheria ya kupiga marufuku vileo, ambayo ilikuwa imetumika tangu mwaka 1920. Ripoti hiyo, iliyotolewa mwezi uliotangulia, ilikuwa kitu cha ajabu kidogo: tume kwa jumla ilishauri sheria isifutwe, hali wajumbe wengi, kila mmoja kwa kauli yake, walionyesha shaka. Jambo lenye kujipinga namna hiyo lafaa kubishaniwa kuliko kuhutubiwa. Basi wakabishana, na tangu siku hiyo kawaida ikawa watu watatu, nusu saa, na siku ya Jumapili. Jumapili haikuchaguliwa kwa utukufu wake. Wenye matangazo ya biashara hawakuigombania sana, na stesheni zilikuwa radhi kuwapa wanavyuoni saa ambazo hazikununuliwa. Mwezi wa Oktoba 1933 mtandao wa NBC uliyachukua mazungumzo hayo, yakaenea nchi nzima.

Jina lenyewe lilikuwa na mzaha ndani yake, kwa kuwa meza iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo haikuwa ya duara, bali ilikuwa na pande tatu, ili kila msemaji awaone wenziwe wawili. Wala isidhaniwe kuwa wasemaji walijiendea tu bila ya maandalizi. Walikutana kabla, wakapatana juu ya njia ambayo mazungumzo yangefuata na mambo yasiyofaa kuachwa. Kisichoandikwa kilikuwa maneno yenyewe.

Mwaka 1937 William Benton, aliyepata utajiri wake katika kazi ya matangazo ya biashara, alikuja kuwa makamu wa rais wa chuo chini ya Robert Hutchins, na mwaka uliofuata fedha zikaanza kutoka katika wakfu wa Alfred Sloan, mkuu wa General Motors. Mtu aweza kuuliza kama fedha za tajiri wa motokaa hazikuwa na harufu yake katika mazungumzo ya uchumi. Ni swali la haki, lakini lataka uchunguzi wa peke yake.

Lililo muhimu zaidi kwa wenye kushughulika na lugha ni vijitabu. Kila juma maneno yaliyosemwa yalichapishwa na kupelekwa kwa wasikilizaji waliovitaka. Hapa twaona mwendo uliogeuzwa: kwa kawaida maandishi hutangulia na sauti hufuata, lakini hapa sauti ilitangulia na maandishi yakaifuata. Katika kurasa hizo sentensi hukatizwa, mtu huulizwa alikusudia nini, hurudi nyuma, husahihisha. Msomaji aliyewahi kuketi barazani baada ya sala ya alasiri atautambua mwendo huo mara moja.

Mfano mzuri ni mazungumzo ya tarehe 22 Aprili 1945. Friedrich Hayek, mtaalamu wa uchumi mzaliwa wa Austria, alikuwa Marekani wakati huo, na muhtasari wa kitabu chake The Road to Serfdom ulikuwa umetoka karibuni katika Reader's Digest. Mezani aliwakuta Charles Merriam, mtaalamu wa elimu ya siasa aliyepata kuitumikia bodi ya serikali ya mipango, na Maynard Krueger, aliyegombea umakamu wa rais wa nchi kwa chama cha Kisoshalisti mwaka 1940. Ugomvi wao wote ulizunguka neno moja, mipango. Kwa Hayek lilikuwa na maana ya uchumi kuongozwa na mamlaka moja ya kati, na alishikilia kuwa hakuwa akipinga kila tendo la serikali. Wenziwe walilitumia kwa upana zaidi. Hotuba tatu zilizoandikwa zingaliweza kupita bila kugusana, kila moja na maana yake.

Sasa tuje kwenye siri. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa mpira wa chuo hicho, Enrico Fermi na wenziwe walifaulu kwa mara ya kwanza kuanzisha na kuuzuia mfululizo wa mpasuko wa atomu. Meza ya Duara iliendelea kila Jumapili kama kawaida, na wasikilizaji hawakujua lolote. Mmoja wa wataalamu wale, Leo Szilard, mzaliwa wa Hungaria, aliandika ombi mwezi wa Julai 1945, likatiwa sahihi na watu sabini, la kumwomba Rais Truman asilitumie bomu juu ya Japani kabla masharti ya kusalimu amri hayajatangazwa waziwazi na Japani kuyakataa. Karatasi ile ilipigwa muhuri wa siri na haikumfikia Rais.

Bomu la kwanza likaangushwa Hiroshima Jumatatu, tarehe 6 Agosti. Jumapili iliyofuata, tarehe 12, kabla vita havijatangazwa kwisha, Hutchins mwenyewe aliketi mezani pamoja na Reuben Gustavson na William Ogburn. Alikiri kuwa hadi Jumatatu ile hakuwa na tumaini kubwa la serikali moja ya dunia, na kwamba sasa huenda hofu ya maangamizi ikawasukuma watu mahali ambapo wema haukuwafikisha. Haikuishia katika maneno, kwani baadaye mwaka huo kamati ya kuandika katiba ya dunia iliundwa chini ya uenyekiti wake, na rasimu yake ikatolewa mwaka 1948.

Tarehe 31 Januari 1950 Truman alitangaza kuwa kazi ya bomu la haidrojeni itaendelea. Tarehe 26 Februari walikutana Hans Bethe, Harrison Brown, Frederick Seitz na Szilard. Hapo Szilard alisema neno lililoishangaza nchi: bomu hilo laweza kuzungushiwa kobalti, nayo ikigeuzwa na mlipuko itakuwa vumbi lenye mnururisho wa kuua, ambalo nguvu yake hupungua nusu tu kila baada ya miaka mitano na zaidi kidogo. Kwa vumbi hilo, alisema, yawezekana kuwaua watu wote duniani. Hakuwa akishauri litengenezwe. Alikuwa akionyesha mahali njia ile inapoelekea.

Wako waliomlaumu kwa kuwatia watu hofu. Lakini maneno yale yalichapishwa tena katika Bulletin of the Atomic Scientists mwezi wa Aprili, na kabla ya mwaka kwisha James Arnold aliichapisha humo humo hesabu yake juu ya jambo hilo, akaona kuwa kazi hiyo ingekuwa ngumu mno, wala si rahisi vumbi kuenea sawasawa duniani, ila hakuweza kusema kuwa ni muhali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa saa bora ya Meza ya Duara. Ombi la mwaka 1945 liliandikwa kwa uangalifu, likafungiwa; hoja ya mwaka 1950 ilitoka kinywani katikati ya mabishano, ikamlazimu mtaalamu mwingine kukaa chini na kuipima.

Baada ya hapo mambo yalidhoofika. Hutchins aliondoka chuoni mwaka 1951, televisheni ikawavuta wasikilizaji, na mitandao ikaacha kuithamini nusu saa ya maprofesa. Mazungumzo yalikoma mwezi wa Juni 1955. Vijitabu vimebaki, na ndivyo vinavyomwezesha mchunguzi wa leo kuona, mstari kwa mstari, ni wapi mtu alikatizwa na alijibu nini.