Serire za Élisabethville: ulimi wa chuma ndani ya mulango



Kisha kuzika Nkambo, tulirudi nyumbani tukakuta chumba chake kimefungwa na lufungula haionekani. Tulitafuta ndani ya mikoba, chini ya godoro, mpaka ndani ya ndoo ya unga. Hakuna. Na mule ndani kulikuwa valizi yenye karatasi zote za lupango. Mtu mmoja alikuwa amejitokeza kwenye kilio akisema Nkambo alishamuuzia kipande cha nyuma, pale penye muembe, na kwamba siku ya nne atarudi na wapimaji. Basi yaya mmoja akaleta mtaimbo. Mimi pia nilikubali, nawaambia ukweli: mulango ni mbao tu, na serire mpya inauzwa sokoni.

Aliyetuzuia ni mzee jirani, fundi wa mbao tangu wakati wa Zaire. «Apana vunja! Ile serire iko muzima, paka buchafu njo bunaikamata.»

Nitarudi kwa huyu mzee. Kwanza tujiulize ile serire ilifika namna gani kwetu.

Zamani serire ilikuwa sanduku la chuma lililopigiliwa juu ya uso wa mulango, kila mtu analiona. Serire ya kuzamishwa, ile inayoingia ndani ya unene wa mbao na kuonyesha kibamba chembamba tu kwenye ukingo, ilianza kuenea katika nyumba za Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Ni wakati huohuo wafundi walianza kushindana kweli. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron alipata hati ya uvumbuzi kwa serire yenye vibamba vinavyoinuliwa na lufungula: kila kibamba kinapaswa kufika kwenye kimo chake kamili, kikipungua hapana, kikizidi hapana. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb akaongeza ujanja mwingine: mtu akijaribu na lufungula ya uongo, serire inajikaza, na mwenye nyumba akirudi anajua kwamba mtu alipita.

Waingereza wakajivuna. Kisha, mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, akafika Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Serire ya Chubb aliifungua kwa dakika 25 hivi. Ile ya Joseph Bramah, iliyokuwa inakaa dirishani mwa duka tangu miaka 60 hivi na ahadi ya guinea 200 kwa atakayeiweza, ilimuchukua saa 51, zilizotawanyika ndani ya siku 16. Aliifungua. Mimi hapo ninamheshimu zaidi Bramah kuliko Hobbs: saa 51, na mule mote hakuna umeme!

Serire za milango ya ndani, kama ile ya Nkambo, hazikuwa na ujanja mwingi hivyo. Mara nyingi ni kibamba kimoja, ao kuta ndogo tu za chuma ambazo meno ya lufungula yanapaswa kuzikwepa. Kazi yao haikuwa kupiga vita na mwizi wa usiku. Zilikuwa zinagawanya nyumba.

Na hapo njo historia yetu inaingia. Reli ilifika Élisabethville kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule muji ulipoanzishwa. Kisha ikafunguliwa njia ya Ilebo mwaka 1928, na ile ya Lobito mwaka 1931. Kwa hizo njia ndiyo misumari, vioo, bawaba na serire zilipanda mpaka Katanga. Muji wenyewe ulijengwa kama nyumba yenye vyumba vya kufungwa: wazungu huku, waafrika kule, na katikati eneo tupu. Ndani ya nyumba za wazungu ilikuwa vilevile. Wazee waliofanya kazi ya boyi wanakumbuka: chumba cha chakula kilikuwa na lufungula yake, na ile lufungula ilikaa kiunoni mwa madamu. Boyi anapika, lakini sukari anaombea.

Kuna jambo lingine linalonichekesha na kuniuma. Ile pwanye ya manjano, inayong'aa ukiisugua, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Vyote viwili vinatoka kwetu; Kipushi peke yake ilikuwa inatoa vyote. Shaba ya Katanga ilipanda meli ikaenda kusafishwa Ubelgiji, kule Hoboken na Olen. Kisha madukani mwetu tukanunua vitasa kutoka Ulaya, kwa bei ya Ulaya.

Mwezi wa saba 1960 wazungu wengi walikimbilia Rhodesia ya Kaskazini. Kwetu wanasimulia kwamba nyumba nyingine ziliachwa na fungula zikining'inia mlangoni. Familia zikaingia, na zile fungula zikawa zetu. Nyingine zilibaki, nyingine watoto walichezea. Halafu wakafika uporaji wa 1991. Wale wanaokumbuka wanajua: baada ya mali, ilikuwa zamu ya milango yenyewe, na baada ya milango, vitasa, juu shaba ya manjano inauzwa kwa kilo. Serire ya miaka 70 inaishia kwenye sufuria ya muyeyushaji, na pa nafasi yake tunaweka kadena na kipande cha mnyororo.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Hakugusa chumba. Alizunguka nyumba, akachomoa lufungula ya mulango wa jikoni, akaijaribu: inaingia, lakini haizunguki. Akawasha buji, akaipitisha kwenye moshi mpaka ikawa nyeusi, akaiingiza tena, akaizungusha polepole mpaka ilipogoma. Alipoitoa, ule weusi ulikuwa umekwaruzwa pahali pawili. Pale ndipo akapiga tupa, kidogo tu. Moshi tena, tupa tena. Sijui mara ngapi. Watoto walichoka wakaenda kucheza. Yaya wa mtaimbo alikaa juu ya ngazi akisema ya kwake. Kisha tukasikia klak.

Tulidhani imekwisha. Mzee akasema hapana, mukiifunga tena hivi itawakatalia. Akaanza kuitoa, na mimi nikakaa kumwangalia.

Vise zilikuwa zimezikwa chini ya rangi za miaka mingi. Alizichimba kwa ncha ya kisu, kisha akapiga turnavisi nyundo kidogo ili vise ishtuke mbele ya kuizungusha. Rangi aliilowesha maji kwanza, hakuikwangua ikiwa kavu: rangi za zamani zina risasi, vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Serire ilipotoka aliilaza juu ya gazeti. Mbele ya kuinua kifuniko aliniambia nipige picha kwa telefone kila hatua, na kifuniko akakiinua akikandamiza kwa kidole gumba, juu ya resori. Resori ikiruka, utaitafuta mpaka kesho.

Ndani mulikuwa udongo mwekundu wa Lushi, umekauka na grisi kama tofali. Mtu fulani miaka ya nyuma alikuwa ameshindilia grisi akidhani anasaidia. Grisi inakamata vumbi, vumbi linakuwa udongo, udongo unazuia ulimi. Mzee aliweka vyote ndani ya petroli usiku mzima, akasugua kwa brosi ya meno ya zamani. Hakurudisha grisi. Alikwangua ncha ya kalamu ya risasi, akapaka ule unga mweusi kwenye ulimi na kwenye kibamba. Unateleza, na haukamati vumbi. (Msichanganye: ile «risasi» ya kalamu si risasi ya rangi, ni aina ya makaa tu.)

Resori moja ilikuwa imekatika. Hapo nilisema sasa kazi imekufa. Yeye akaleta utepe wa chuma kutoka saa mbovu ya ukutani, akakata kipande, akakipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe polepole ili kilegee, akakikunja kama kile cha zamani. Kisha akakipasha tena chekundu, akakizamisha ndani ya mafuta. Sasa kilikuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Basi akakisugua kikang'aa, akakipasha pole mara ya tatu, akiangalia rangi tu: manjano, kahawia, zambarau, bluu. Kwenye bluu akakitoa. Hakuna kipimo. Ni jicho.

Pwanye ya upande mmoja ilikosekana. Ile tuliyonunua sokoni ilikataa, na sasa najua sababu: kile chuma cha mraba kinachopita katikati, Wabelgiji wanakitengeneza cha milimita 8, Wafaransa cha 7. Milimita moja tu, na mulango haukubali. Mzee alifunga kipande cha bati nyembamba kukizunguka, ikakaa.

Karatasi zilikuwa ndani ya valizi, zote, na jina la Nkambo. Siku ya nne yule mtu alifika na wapimaji wake. Mama mukubwa alifungua chumba mbele yao, akatoa karatasi, akazisoma kwa sauti, akazirudisha, akafunga. Klak. Walirudi na kamba yao ya kupimia.

Muembe uko. Lufungula inakaa shingoni mwa mama mukubwa. Mulango wa jikoni njo haufungwi tena, juu tulipiga tupa lufungula yake, na mzee bado anatafuta nyingine ya kuukatia.