Agnes Sampson na Dhoruba ya Mfalme
Castlehill, Edinburgh

Mwaka 1590, Mfalme James wa Sita wa Uskoti alirejea kutoka Denmark na mkewe Anne, baada ya dhoruba kuvuruga safari zao. Wakalaumiwa wachawi. Mjini Tranent, mtumishi wa ndani Geillis Duncan aliteswa na mwajiri wake hadi akataja wengine, akiwemo Agnes Sampson, mkunga na mganga aliyeheshimika. Mfalme mwenyewe alimhoji katika kasri la Holyrood. Baada ya kuteswa, Agnes alikiri kukutana na Shetani katika kanisa la North Berwick. Januari 1591 alinyongwa hapa Castlehill, kisha mwili wake ukachomwa moto.

Uchawi ulikuwa kosa la kifo chini ya sheria ya Uskoti ya 1563. Mara nyingi tuhuma zilianzia kwa majirani: maneno makali mlangoni, kisha ng'ombe akakauka maziwa au mtoto akaugua. Wazee wa kanisa walikusanya ushahidi. Watuhumiwa walikeshezwa kwa siku kadhaa na kuchomwa sindano kutafuta alama ya Shetani. Hadi sheria ilipofutwa mwaka 1736, watu wapatao 3,800 walikuwa wametuhumiwa, wengi wao wanawake.