Vitamini: Jina na Fasili Yake

Wafasiri huuliza kwa nini neno "vitamini" limebaki na umbo lake la kigeni, ilhali maradhi yanayohusiana nayo, kama vile kiseyeye na matege, yana majina ya Kiswahili. Jibu limo katika historia ya neno lenyewe.

Katika miaka ya 1890, Christiaan Eijkman, daktari wa Kiholanzi kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakipooza miguu, mfano wa beriberi ya binadamu. Walipolishwa mchele wenye wishwa wake, walipona. Mwaka 1907, nchini Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich walijaribu kuzusha ugonjwa huo kwa simbilisi kwa kuwalisha nafaka. Simbilisi wakapatwa na kiseyeye badala yake. Lau wangalitumia panya, kiseyeye kisingalitokea, maana ini la panya hujitengenezea kinga yake kutokana na sukari. Mbuzi na ng'ombe ni vivyo hivyo. Binadamu, kima na simbilisi hawawezi.

Mwaka 1912 Casimir Funk, akidhani kwamba virutubisho hivyo vyote ni vya jamii ya kemikali iitwayo amini, aliliunganisha jina hilo na neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Dhana hiyo ilipokosa uthibitisho, Jack Drummond alipendekeza mwaka 1920 herufi ya mwisho ya neno la Funk ifutwe, na virutubisho vitajwe kwa herufi A, B na C. Kosa likabaki katika jina, nalo halidhuru. Lingetafsiriwa sisisi, tungalitafsiri kosa.

Lililo zito ni fasili. "Asidi askobiki" ni jina la kitu. "Vitamini C" ni jina la uhusiano baina ya kitu hicho na mnyama anayekihitaji. Kwa mbuzi, kitu hicho si vitamini. Paka hawezi kugeuza karotini ya mboga kuwa vitamini A. Ng'ombe hupata vitamini B12 kutoka kwa bakteria wa tumboni mwake, mradi malisho yawe na kobalti.

Basi mfasiri wa kijitabu cha mifugo asinakili fasili ya kitabu cha afya ya binadamu. Yafaa aandike: vitamini ni kirutubisho ambacho mnyama wa aina fulani hukihitaji kwa kiasi kidogo, na ambacho mwili wake haukitengenezi cha kutosha. Maneno "wa aina fulani" yasiachwe. Mfugaji atanunua dawa kwa kuyategemea.