Muuza vitabu aliyemrudishia Traherne tungo zake

Katika majira ya baridi ya 1896 kuingia 1897, William Brooke, mpenzi wa tenzi za dini, alikuwa akipekua vitabu vya mitumba vinavyouzwa mitaani London. Akaokota mswada wa mkono usio na jina la mwandishi, akaulipia peni chache. Akapata na mwingine, wa mwandiko uleule, nao hauna jina. Mmoja ulibeba mashairi, wa pili tafakuri za nathari zilizopangwa kwa mafungu ya mia mia.

Brooke alimwonyesha Alexander Grosart, kasisi na mhariri mashuhuri wa washairi wa karne ya 17. Grosart hakusita: hii ni kazi ya Henry Vaughan, mmoja wa washairi hao. Alikuwa amekwisha kuhariri maandishi ya Vaughan karibu miaka 30 nyuma, na mtu akimzoea mshairi kiasi hicho humsikia kila mahali. Akainunua miswada, akaanza kuandaa toleo jipya lenye nyongeza hiyo. Kifo kikamwahi mwaka 1899. Lau angeishi miaka miwili zaidi, huenda hadi leo wanafunzi wa Uingereza wangekuwa wanamsoma Vaughan asiye Vaughan.

Maktaba yake ikauzwa, na miswada ikapita kwa mfanyabiashara Charles Higham hadi mikononi mwa Bertram Dobell.

Dobell hakuwa msomi wa chuo. Alizaliwa 1842, mtoto wa fundi cherehani, akaanza kazi London akiwa kijana wa kutumwa dukani kwa muuza vyakula. Vitabu alivinunua kwa visenti vyake, akavisoma kabla ya kuviuza. Mwaka 1872, kwa mtaji wa pauni 10 hivi, alifungua kiduka cha magazeti na karatasi. Baadaye akahamia Charing Cross Road, mtaa wa wauza vitabu. Ndiye pia aliyempigania James Thomson, mshairi mlevi na fukara, mpaka diwani yake ikachapishwa mwaka 1880.

Alipoisoma miswada, shaka ikamwingia. Vaughan aliyemjua yeye ni mtu wa usiku na toba. Huyu wa mswadani hakomi kushangilia. Lakini hisia ya msomaji si ushahidi, na Dobell alilijua hilo. Alipomweleza Brooke shaka yake, Brooke akakumbuka shairi alilowahi kulinakili kutoka kitabu kidogo cha ibada cha mwaka 1699, kilichochapishwa bila jina la mtunzi. Dobell alipolisoma alisikia sauti ileile.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, nayo ilikuwa kazi ya kufungua vitabu. Dibaji ya kile kitabu cha 1699 ilificha jina la mtunzi ila ikaponyokwa na jambo moja: alikuwa kasisi wa nyumbani kwa Sir Orlando Bridgeman, aliyekuwa Mlinzi wa Muhuri Mkuu wa Mfalme. Kasisi huyo ni nani? Kamusi ya zamani ya watu waliosoma Oxford, iliyoandikwa na Anthony Wood, ilimtaja: Thomas Traherne, mtoto wa fundi viatu wa Hereford, aliyefariki 1674. Wood alitaja pia vitabu vyake viwili. Dobell akakitafuta kimoja, Christian Ethicks cha mwaka 1675, akakuta humo mistari ambayo, kwa tofauti ndogo, imo pia katika ule mswada wa tafakuri. Mjadala ukaisha.

Mashairi aliyachapisha mwaka 1903, tafakuri mwaka 1908. Mwaka 1910 ukatoka mswada mwingine uliokuwa umelala British Museum, ulioandaliwa na Philip, nduguye Traherne, ambaye alikuwa ameyanyoosha mashairi ya marehemu kwa namna aliyoona inafaa. Ulithibitisha kwamba Dobell alikuwa sahihi. Ulithibitisha pia kwamba ndugu si wahariri wazuri.

Linalonivutia ni kwamba Dobell alikuwa mfanyabiashara. Vaughan alikuwa jina linalouzika. Traherne hakuna aliyemjua. Angeweza kunyamaza, akaacha hukumu ya Grosart isimame, akauza mali kwa bei ya mshairi maarufu.

Si kwamba hakukosea. Alipopata karatasi za chapa za shairi la Oliver Goldsmith ambazo mafungu yake yamepangwa kinyumenyume, alizichapisha mwaka 1902 akiamini ni rasimu ya awali ya mshairi mwenyewe. Mhakiki Arthur Quiller-Couch akaeleza jambo rahisi zaidi: mpanga herufi alizichukua kurasa za Goldsmith kuanzia ya mwisho.

Dobell alifariki Desemba 1914. Karatasi zake ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford, na ile miswada miwili iko hukohuko.

Bila matoleo yake, yaliyofuata yasingewezekana, maana asingekuwapo Traherne wa kulinganisha naye. Karibu 1967, mtu aliyekuwa akitafuta vipuri vya gari kwenye jaa karibu na Wigan aliokoa mswada uliokuwa umeanza kuungua. Alihamia Kanada akaenda nao, na huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukatambuliwa kuwa wa Traherne. Sasa uko British Library. Mwaka 1997 Jeremy Maule wa Cambridge alikuta mwingine katika maktaba ya Jumba la Lambeth, makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ambako ulikuwa umehifadhiwa bila jina la mwandishi. Toleo la kazi zote za Traherne lilianza kutoka 2005, na limefika juzuu nyingi kuliko alizoziwazia Dobell.