Kutoka Chokaa hadi Polima: Historia ya Uzito wa Rangi katika Kuta za Bwiza

Mtaa wa Bwiza ulikua chini ya utawala wa Wabelgiji, ukiitwa Belge, na pamoja na jirani yake Buyenzi uliingizwa katika sehemu ya mji wa Usumbura iliyotengewa Waafrika walioishi nje ya mamlaka ya kimila. Nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo na kuezekwa kwa mabati. Ukuta wa namna hiyo ukipakwa chokaa hupumua, maana unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea. Chokaa ina sifa nyingine isiyotajwa sana na wanahistoria wa ujenzi: haifichi kitu. Maji ya chokaa yakiwa mazito, chokaa ni nyingi. Yakiwa mepesi, ni kidogo. Mwenye nyumba aliyechovya kijiti ndooni aliweza kumkagua fundi bila msaada wa mtaalamu.

Ukaguzi huo wa macho ulipoteza thamani yake pale rangi ya maji iliposhika nafasi ya chokaa, na chanzo cha mabadiliko hayo kilikuwa maabarani, mbali na Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1948 kampuni ya Glidden ya Marekani iliingiza sokoni Spred Satin, rangi ya maji yenye lateksi. Lateksi yenyewe ni nyepesi kama maziwa. Isipoongezwa kitu cha kuizidishia uzito, huchuruzika ukutani. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na polima zitokanazo na selulosi, yaani minyororo mirefu inayovimba majini na kusongamana. Lakini selulosi ni chakula cha vijidudu. Vimeng'enya vyao huikata minyororo, na rangi iliyokaa ghalani ikageuka maji. Katika mji wenye joto kama Bujumbura, hiyo si kasoro ndogo.

Njia ya pili ilitokana na sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ulrich Strauss wa Chuo Kikuu cha Rutgers alichunguza polima zenye tabia ya sabuni: sehemu moja hupenda maji, nyingine huyakwepa. Mwaka 1978 Emmons na Stevens wa kampuni ya Rohm and Haas walipata hataza ya poliurethani iliyotumia kanuni hiyo kuzidisha uzito wa rangi za lateksi. Mnyororo wake ni mfupi kuliko wa selulosi, lakini ncha zake huyakimbia maji. Ncha za minyororo mbalimbali hukusanyika katika vifundo vidogo, nyingine hung'ang'ania chembe za lateksi, na rangi nzima hushikamana kama wavu. Brashi inapopita, vifundo hufunguka. Inapotulia, hufungamana tena. Kiasi kinachohitajika mara nyingi hakifikii asilimia 1 ya uzito wa rangi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo, kwa maana zote mbili za neno. Rangi yenye gundi kidogo na rangi-unga haba inaweza kuonekana nzito koponi kwa sababu ya polima hiyo ndogo. Kinyume chake pia hutokea. Muuzaji akiongeza rangi ya kukoleza, viambata vya sabuni vilivyomo huzifunika ncha, wavu hulegea, na rangi njema huonekana imechakachuliwa. Fundi akizidisha maji, wavu hukatika ghafla badala ya kulegea polepole, kwa kuwa ufungamano huhitaji wingi fulani wa polima. Mnunuzi wa Bwiza anayetingisha kopo anatumia kipimo cha enzi ya chokaa.

Kiswahili hakijasaidia sana. Neno "mnato" hubeba kunata na ugumu wa kutiririka kwa pamoja, ilhali rangi hizi zinaweza kuwa nazo mojawapo bila nyingine. Mshauri anayeandika masharti ya zabuni kwa neno hilo pekee hununua asichokijua. Kiasi cha yabisi kinachobaki baada ya kukauka, uwezo wa kuficha ukuta na ustahimilivu wa kusuguliwa vyapaswa kutajwa kila kimoja kwa jina lake.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji ya bomba ya Bujumbura hutoka kwa kiasi kikubwa Ziwa Tanganyika, ambalo lina magadi, magnesiamu nyingi na kipimo cha pH kinachokaribia 9. Poliurethani isiyo na chaji huathiriwa kidogo na chumvi hizo. Lakini polima za akriliki zilizofuata, ambazo huvimba kwa alikali na kuwa na chaji, hujikunja chumvi inapozidi. Polima ya kundi hilo iliyopimwa kwa maji yaliyokenekwa haijapimwa kwa maji ambayo fundi wa Bwiza huyachota bombani.